Maswali Saba

Waraka ulitoka Warsaw mwezi wa pili, una muhuri wa tai,
ukatua kwenye kaunta yangu hapa Przemyśl, dirisha la tatu:
mteja akishapita miaka sabini, akitaka taslimu nyingi,
muulize maswali saba.
Taratibu. Usimtahayarishe.

Mapadre nao waliagizwa watangaze baada ya misa.
Polisi walipita ngazi kwa ngazi, ghorofa zisizo na lifti,
wakibandika stika za njano kwenye simu za mezani:
POLISI HAWAOMBI PESA.
Herufi kubwa, kwa ajili ya macho yenye mtoto wa jicho.

Mzee Zenobiusz Kruk alikuja Jumatatu,
kofia ya manyoya kwapani, theluji ikimyeyukia mabegani.
Alitaka zloti elfu kumi na nane.
La kwanza: za nini?
Za jiwe.
La pili: kuna mtu amekupigia simu leo?
Jiwe la kaburi la mke wangu, nimesema.
La tatu: umeambiwa usimwambie mtu?
Akanitazama kama mtu aliyevuliwa shati sokoni.
"Binti, nimekaa reli miaka arobaini na mmoja.
Nimehesabu mabehewa usiku, taa mkononi, baridi ikinitafuna masikio,
na sikupoteza hata moja.
Leo wewe ndiwe wa kunihesabia?"

Nyuma yake foleni ilikohoa.
Nikampigia mchonga mawe, kama waraka unavyotaka.
Ilikuwa kweli. Jina la Felicja lilikwisha chongwa,
na kando yake jina la mzee mwenyewe,
mwaka wa kuzaliwa, kistari,
na nafasi tupu.
Nikampa pesa zake. Hakuzihesabu.
Tangu siku hiyo hupanga foleni dirisha la kwanza,
hata likiwa refu hadi mlangoni.

Alhamisi akaja Bi Leokadia Wrona.
Nywele zimechanwa, midomo ina rangi, mkoba umebanwa tumboni.
Huyu alijibu yote saba bila kupepesa:
paa linavuja, fundi hataki hundi,
hapana, hakuna aliyenipigia,
hapana, hakuna anayeningoja nje.
Majibu laini kama yai lililomenywa.
Nilipaswa kujua. Ukweli huwa na kigugumizi,
ukweli humkasirikia karani,
ukweli hufoka habari za reli na mabehewa.
Nikatia muhuri. Nikamtakia paa jema.

Fimbo ya mbali haiui nyoka,
na nyoka huyu alikuwa ndani ya mkoba,
simu iko wazi, anasikiliza kila swali langu.
Asubuhi alikuwa amejitambulisha: Kamishna fulani,
sauti nzito, ya kistaarabu, inayomwita "mama".
Wezi wamo ndani ya benki, alimwambia.
Yule wa dirisha la tatu, tunamchunguza.
Atakuuliza maswali. Mdanganye.
Nchi inakutegemea.

Basi aliniangalia usoni, bibi wa miaka themanini na mbili,
akanidanganya kwa uzalendo.
Akaenda akauweka mfuko kwenye benchi karibu na duka la dawa,
kama alivyoagizwa, akaondoka bila kugeuka nyuma,
nadhani mgongo wake ulikuwa umenyooka.

Sasa umekuja waraka mpya. Maswali ni manane.
La nane linahusu simu: iko wapi, na je, iko wazi?
Nimeubandika juu ya ule wa zamani, gundi bado mbichi.
Mkurugenzi anasema hatukukosea, tulifuata utaratibu.
Ni kweli. Tuliufuata.

Ila Ijumaa ile, kabla hatujafungua,
alikuwa amesimama nje ya kioo, mwenye midomo ya rangi.
Hakuja kulalamika. Hakujua bado kuna la kulalamikia.
Aliinama kwenye dirisha langu, akanong'ona,
akinihurumia kidogo, kwa kuwa eti mimi ndiye mwizi:
"Hawajaja kukukamata?"